Mali Bila Daftari

Lugha yetu ina namna yake ya kutuonya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, neno "ubinafsishaji" lilipoanza kusikika redioni na kwenye magazeti, wazee wengi niliokuwa nikikaa nao hawakulipokea vizuri. Si kwamba walikuwa wameisoma sera yenyewe; ni mlio wa neno tu. Ubinafsishaji unakaa jirani mno na ubinafsi, na kwa mtu aliyelelewa na Azimio la Arusha, kuitwa mbinafsi lilikuwa tusi. Serikali nayo, kana kwamba imeisikia minong'ono hiyo, ilichagua neno la upole zaidi. Chombo kilichopewa kazi hiyo kiliitwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma. Kurekebisha, si kuuza. Lakini mtaani watu hawakuhangaika na istilahi. Walisema: "Wanauza."

Katika kurasa hizi nakusudia kuitazama Tume hiyo, ambayo wengi tuliijua kwa herufi zake za Kiingereza, PSRC. Sina nia ya kuilaani, maana waliokwisha kuilaani ni wengi. Wala sina nia ya kuisifu, maana nao waliokuwa na kazi ya kuisifu waliifanya. Nataka kuuliza swali moja tu, ambalo kwa miaka mingi halikunitoka kichwani: mali ya umma ilipouzwa, daftari lake alibaki nalo nani?

Tuanze na mali yenyewe ilikotoka. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na siku iliyofuata mabenki yakataifishwa. Kutokana nayo ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Zikafuata kampuni za bima, makampuni makubwa ya biashara ya nje, na viwanda vya kusaga nafaka. Katika viwanda vingine, kama vile vya bia, sigara, saruji na viatu vya Bata, Serikali haikuchukua vyote bali ilidai hisa zilizo nyingi. Waliotwaliwa mali zao walilipwa fidia baada ya mapatano. Kisha mashirika yakaanza kuzaana. Kila zao likawa na mamlaka yake, kila mkoa ukawa na kampuni yake ya biashara, na wizara nazo zikapata watoto na wajukuu. Hadi kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 mashirika ya umma yalikuwa yanakaribia 400.

Ni rahisi leo kuyacheka, na vijana wengi huyacheka. Lakini mashirika hayo hayakuwa majengo na mitambo tu. Yalikuwa nyumba za kupanga kwa bei nafuu, zahanati ya wafanyakazi na familia zao, basi la asubuhi, na kijana wa kijijini kupelekwa kusomea ufundi. Hata mpira wetu ulikuwa wa mashirika: Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro. Mtu alishangilia timu, na katika kushangilia huko alikuwa pia anashangilia mahali pa kazi. Kwa hiyo liliposemwa kwamba mashirika yatauzwa, kilichotikisika hakikuwa vitabu vya hesabu peke yake. Ulikuwa ni utaratibu mzima wa maisha.

Hata hivyo, lazima tuseme kweli. Mimi nimekulia Morogoro, mji ambao katika miaka ya 1970 uliambiwa utakuwa mji wa viwanda, na kweli viwanda vikajengwa. Kilichosikika zaidi kilikuwa kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutengeneza viatu jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa iuzwe Ulaya. Hakikuwahi kuzidi asilimia 5 ya uwezo huo. Kuta zake zilikuwa za bati na hewa haikupita vizuri. Waliokisanifu hawakuwa wamefikiria joto la Morogoro. Mwaka 1990 kilisimama kabisa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba palikuwa na bustani nzuri, akaja mgeni akaing'oa. Bustani nyingi zilikuwa zimekauka kabla mnunuzi hajabisha hodi.

Mjomba wangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimojawapo mjini humo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipomuuliza kwa nini kiwanda kinazalisha wiki mbili na kusimama miezi miwili, alinijibu: "Mpwa wangu, hili ni shamba la bibi. Kila mjukuu anavuna, hakuna anayepalilia." Jibu lake lilikuwa la kweli, lakini si kweli yote. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikula fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda. Vipuri vikawa vya kusubiri kibali. Bei za bidhaa zilipangwa na Tume ya Bei, mara nyingi chini ya gharama ya kuzizalisha. Shirika lililopata hasara halikufungwa. Lilikwenda NBC kukopa, na NBC, ambayo nayo ilikuwa ya Serikali, haikuwa na ubavu wa kukataa. Mikopo ikawa haiulizwi. Mwaka 1991 ilibidi kiundwe chombo maalumu, LART, cha kuichukua mikopo hiyo mibovu na kujaribu kuidai. Hapo ndipo wengi walipoanza kuelewa kwamba hasara ya kiwanda cha Morogoro ilikuwa inalipwa na mkulima wa Kigoma ambaye hajawahi kukiona.

Basi mwaka 1992 ikatungwa Sheria ya Mashirika ya Umma, na kwa marekebisho ya mwaka 1993 Tume ikapewa nguvu za kisheria. Wazo lilikuwa rahisi, na kwa upande wake lilikuwa la busara. Wizara iliyokuwa mlezi wa shirika isingeweza kuaminiwa kuliuza. Waziri angevuta upande huu, mkurugenzi upande ule, na kila mmoja angekuwa na sababu ya kuchelewesha. Kwa hiyo kazi ikatolewa wizarani ikawekwa chini ya Rais, mikononi mwa Tume moja, yenye mlango mmoja wa kuingilia kwa mnunuzi.

Utaratibu wake, kwa muhtasari, ulikuwa hivi. Kwanza shirika lilichunguzwa na kupangiwa fungu: lile linaloweza kuuzwa kama lilivyo, lile la kutengenezwa kwanza, na lile lisilokuwa na dawa isipokuwa kufilisiwa. Kisha mthamini aliitwa aseme lina thamani gani. Kisha tangazo la zabuni likatolewa magazetini. Maombi yalipofika yalipimwa kwa bei, kwa mtaji ambao mnunuzi anaahidi kuuleta, na kwa ajira ambazo anaahidi kuzilinda. Majadiliano yakafuata, na kwa mashirika makubwa uamuzi wa mwisho ulikuwa wa Baraza la Mawaziri. Namna za kuuza nazo zilitofautiana. Mahali pengine ziliuzwa hisa kwa mbia mkubwa. Pengine iliuzwa mitambo na majengo bila kampuni yenyewe. Pengine shirika lilikodishwa. Pengine aliletwa mgeni wa kuliendesha tu kwa malipo. Mwishowe ukatiwa saini mkataba, picha ikapigwa, na faili likahama.

Nasema faili likahama kwa sababu niliwahi kuliona likihama. Katika miaka hiyo nilikuwa karani wa hesabu katika shirika dogo ambalo sina haja ya kulitaja. Tulipewa kazi ya kuorodhesha mali yote kabla mthamini hajafika. Tulihesabu viti, tukahesabu mapipa, tukapanda juu ya mitambo iliyolala na kusoma namba zilizoliwa na kutu. Hapo nilijifunza jambo ambalo shuleni tulikuwa tumefundishwa bila kulielewa. Mtambo mkubwa kuliko yote, ule ambao shirika lilijengwa kwa ajili yake, kwenye leja ulikuwa umebaki na thamani isiyonunua hata baiskeli, maana uchakavu wake ulikuwa umekatwa mwaka hadi mwaka mpaka ukaisha. Kumbe kiwanja kilichokuwa chini yake, pamoja na nyumba tatu za wakubwa kule mjini, vilikuwa vimepanda bei pasipo mtu kuvigusa. Kwa hiyo aliyetaka kufanya kazi ile alikuwa ananunua chuma chakavu, na aliyetaka kiwanja alikuwa ananunua dhahabu. Zabuni ilikuwa moja, bei ilikuwa moja, bali wanunuzi walikuwa wa aina mbili tofauti kabisa. Je, Tume ingewatambuaje? Kwa njia moja tu: kwa kumfuata mnunuzi baada ya kununua, na kuona anafanya nini.

Kwanza tuyatazame yaliyofanikiwa, maana yapo na ni makubwa. Mwaka 1993 nusu ya hisa za Kampuni ya Bia, TBL, pamoja na uendeshaji wake, vilikwenda kwa South African Breweries. Mwaka 1995 asilimia 51 ya Kampuni ya Sigara, TCC, ilinunuliwa na R.J. Reynolds wa Marekani. Mnywaji wa miaka ile anakumbuka bia ilivyokuwa ya kutafutwa kwa kujuana, na jinsi ilivyokuja kujaa madukani. Kampuni zote mbili zikawa miongoni mwa walipa kodi wakubwa wa nchi hii. Soko la hisa la Dar es Salaam lilifungua milango Aprili 1998 kwa hisa za TOL, kampuni ya gesi ambayo nayo ilitoka katika ubinafsishaji. Mwaka huohuo TBL ikafuata, na TCC ikaingia mwaka 2000. Mwaka 1998 pia sukari ya Kilombero iliuzwa, huku Serikali ikibakiza asilimia 25, na mashamba yale yakapanuka.

Wako wanaosema kwamba hayo yalifanikiwa kwa sababu bia, sigara na sukari ni vitu ambavyo hata mpumbavu angeviuza. Nakubali kwa sehemu. Lakini angalia na jambo jingine. Makampuni haya, baada ya kuuzwa, hayakubaki bila mtu wa kuyasoma. Aliyeingia soko la hisa alilazimika kutangaza hesabu zake hadharani. Aliyelipa kodi kubwa alikuwa na Mamlaka ya Mapato, iliyoanza mwaka 1996, mlangoni kwake. Na pale Serikali ilipobakiza hisa, ilibaki pia na kiti kwenye bodi na sababu ya kuuliza gawio liko wapi. Kwa maneno mengine, mali ilihama lakini daftari halikufungwa.

Hata katika mabenki jambo hili linaonekana. NBC iligawanywa mwaka 1997. Sehemu ya biashara ikabaki na jina la NBC, na matawi mengi ya wilayani yakawa benki nyingine, NMB. Mwaka 2000 asilimia 55 ya NBC iliuzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini kwa shilingi bilioni 15, na kelele zake sijui kama zimekwisha hadi leo. Mwalimu Nyerere, aliyefariki Oktoba 1999, hakuwa ameficha kwamba hakupendezwa na mpango wa kuiuza benki hiyo. NMB yenyewe wengi waliiona kama makapi yaliyobaki baada ya kupepeta. Haikuharakishwa. Kwanza uliletwa uongozi wa mkataba wa kuitengeneza, na mwaka 2005 asilimia 49 ikauzwa kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi. Mwaka 2008 wananchi wakauziwa hisa, na Serikali ikabaki na karibu theluthi moja. Yale makapi leo ni moja ya mabenki makubwa kuliko yote nchini, na gawio lake huingia Hazina.

Sasa tugeuke upande wa pili. Mwaka 2001 asilimia 35 ya Kampuni ya Simu, TTCL, iliuzwa kwa wabia kutoka Ujerumani na Uholanzi, Detecon na MSI, kwa ahadi ya dola milioni 120. Nusu ikalipwa. Nusu ya pili ikazua ubishi mrefu, na ubishi wenyewe ulikuwa juu ya nini? Juu ya hesabu. Kampuni ilikuwa imeuzwa kabla vitabu vyake havijakaguliwa na kukubaliwa na pande zote, na vilipokaguliwa mnunuzi akasema alichokikuta sicho alichoambiwa. Hisa zile zikapita mikono, zikaishia kwa Bharti Airtel ya India, na mwaka 2016 Serikali ikazinunua tena kwa shilingi bilioni 14.9. Miaka 15 ilikuwa imepita. Katika miaka hiyo simu za mkononi zilienea mpaka vijijini, na kampuni mama ya simu nchini ikabaki nyuma inatazama.

Maji ya Dar es Salaam yana kisa kifupi zaidi. Agosti 2003 kampuni ya City Water ilianza kuyaendesha kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 Serikali iliuvunja na kuwaondoa. Kesi zikaenda nje ya nchi. Mwaka 2008 baraza la usuluhishi lililo chini ya Benki ya Dunia likaamua kwamba Serikali ilivunja wajibu wake kwa namna ilivyowatoa, lakini halikuamuru fidia, kwa kuwa kufikia wakati ule biashara yenyewe ilikuwa imekwisha kupoteza thamani. Wengi hukumbuka mabishano ya kisiasa ya siku zile. Mimi hukumbuka tarehe. Mamlaka ya kusimamia maji na nishati, EWURA, ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 2001, lakini ilianza kazi mwaka 2006. Mlinzi aliajiriwa, lakini alifika lindoni mwaka mmoja baada ya duka kufungwa.

Reli nayo haina tofauti kubwa. Mwaka 2007 ilikabidhiwa kwa RITES ya India kwa asilimia 51 na muda wa miaka 25. Haikufika hata miaka mitano, ikarudi Serikalini.

Lakini hayo yote, kwa ubaya wake, angalau yalijulikana. Magazeti yaliandika, wabunge walipiga meza, mahakama za nje zikaita mashahidi. Kinachoniuma zaidi ni yale ambayo hayakuandikwa: viwanda vya ukubwa wa kati na vidogo, katika miji kama Morogoro, Tanga, Mwanza na Musoma. Vile vya korosho vya Mtwara na Lindi vinaweza kuwa mfano. Vilijengwa kwa mikopo katika miaka ya 1970, vikalala katika miaka ya 1980, vikauzwa. Baadhi ya walionunua wakavigeuza maghala, na korosho ghafi ikaendelea kusafirishwa India kwenda kubanguliwa huko. Aliyenunua alikuwa ameahidi mtaji na ajira. Ahadi ilikuwa imeandikwa. Iliandikwa kwenye karatasi ambayo, baada ya picha kupigwa, ikafungiwa kabatini.

Wenzake mjomba walipunguzwa kazini siku moja. Kiinua mgongo chao kilikuja nusu, na nusu nyingine ikawa hadithi. Walipokwenda kwa mnunuzi aliwaambia madeni ya zamani si yake, waende kwa Serikali. Walipokwenda wizarani waliambiwa shirika si la wizara tena. Walipofika kwenye ofisi iliyohusika na uuzaji, waliambiwa kazi yake ilikwisha siku mkataba ulipotiwa saini. Sikutaji kiwanda hicho wala ofisi hizo, maana siandiki kwa kulipiza. Naeleza tu jinsi mtu mzima, mwenye miaka 26 ya kazi, alivyozunguka kwenye milango mitatu, na kila mlango ukamwonyesha mwingine. Hakuna aliyemdanganya. Kila mmoja alisema kweli. Hiyo ndiyo taabu yenyewe.

Ndugu msomaji, usidhani tatizo hili lilikuwa la Waafrika tu. Wajerumani walikuwa na chombo chao, Treuhandanstalt, kilichoundwa mwaka 1990 kuuza mali ya dola ya Ujerumani Mashariki. Kilianza na makampuni yapatayo 8,500 yenye wafanyakazi milioni 4, kikauza kwa kasi ambayo Tume yetu isingeiota, na mwisho wa mwaka 1994 kikafungwa. Machungu yaliyobaki kule hayajaisha: watu wengi mno walipoteza kazi, na wapo wanaoamini mpaka leo kwamba waliibiwa. Lakini jambo moja Wajerumani walilifanya. Mikataba yao mingi ilikuwa na ahadi za ajira na mtaji, na adhabu kwa asiyezitimiza. Na Treuhandanstalt ilipofungwa, kiliundwa chombo kingine kuirithi mikataba hiyo na kuifuatilia, ahadi kwa ahadi, kwa miaka kadhaa. Hawakufanikiwa yote. Walijua tu kwamba siku ya kuuza si siku ya mwisho.

Katika desturi zetu tunao watu wawili wanaosimama kati ya pande mbili. Mmoja ni dalali. Yeye hutangaza, hupandisha bei, hugonga meza, huchukua chake na kuondoka. Nyumba ikivuja kesho haumwiti dalali. Mwingine ni mshenga. Yeye hupeleka posa, hujadili mahari, lakini ndoa ikifungwa kazi yake haijaisha. Wakigombana mwaka wa pili ataitwa, na ataulizwa: wewe ndiye uliyetuletea mtu huyu, tuambie alikuahidi nini. Tume yetu ilipewa kazi ya dalali, na kwa kazi hiyo nadhani ilijitahidi kuliko inavyosemwa. Ilikuwa na watu wachache, wafadhili wakiihimiza, wizara zikiivuta shati, na kila mwezi uliopita bila kuuza ulikuwa mwezi wa mota nyingine kung'olewa usiku. Mafanikio yake yalihesabiwa kwa idadi ya mashirika yaliyouzwa, kwa hiyo iliuza. Ukimpima mtu kwa idadi ya ndoa alizofungisha, usishangae asipouliza wanandoa wanaishi vipi.

Muda wa Tume ulikwisha Desemba 2007. Majukumu yake yakaenda kwa shirika hodhi lililojulikana kama CHC, lililokuwa limezaliwa kutokana na mabaki ya ile NBC ya zamani. Mwaka 2014 nalo likafungwa, na yote yakahamia kwa Msajili wa Hazina. Hesabu basi: faili la kiwanda kimoja lingeweza kutoka wizarani, likaenda kwa Tume, likaenda CHC, likaenda kwa Msajili, kila mara likibadili kabati, karani na namba. Miaka ya baada ya 2015, Serikali ilipoamua kuwaita wanunuzi waliotelekeza viwanda na kuwauliza ahadi zao, ilibidi kwanza mikataba ya zamani itafutwe na kusomwa upya. Viwanda kadhaa vikarudishwa Serikalini. Wapo walioshangilia, na sikuwalaumu. Lakini kiwanda kinachorudi baada ya miaka 20 bila mitambo ni kuta na nyasi, na vijana ambao wangejifunza kazi ndani yake wamekwisha kuwa watu wazima wanaofanya kazi nyingine.

Nikisema hivi simaanishi kwamba viwanda vyote vingepona kama vingesimamiwa. Vile vya nguo vilikutana na mitumba na vitambaa vya bei ndogo kutoka nje. Hata msimamizi malaika asingeizuia mvua ile. Wala simaanishi kwamba Serikali kubakiza hisa kunatosha. Katika TTCL ilibaki na asilimia 65, na bado ikazidiwa. Hisa ni haki ya kulifungua daftari. Haimlazimishi mtu kulisoma.

Neno langu ni dogo kuliko hayo. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tulizoea kulielekeza onyo hilo kwa wenye duka na kwa vyama vya ushirika, na kwa mashirika ya umma wakati yakiwa yetu. Yalipouzwa tulidhani onyo nalo limeuzwa: kwamba sasa mwenye mali ni mwingine, basi daftari ni lake. Sivyo. Nchi iliyouza kiwanda haijabaki mikono mitupu. Imebaki na ahadi. Ahadi ya mtaji, ahadi ya kazi, ahadi ya kiinua mgongo cha fundi. Ahadi nayo ni mali, tena mali ya umma, na inahitaji mtu mmoja mwenye jina, meza na leja, ambaye mwananchi akifika mlangoni kwake hataelekezwa mlango mwingine.

Leo lugha imebadilika. Hatusemi sana ubinafsishaji. Tunasema ubia, uwekezaji, ukodishaji wa bandari, ushirikiano wa sekta mbili. Maneno haya hayako karibu na tusi lolote, na huenda ndiyo sababu yanapita kirahisi. Mimi sina ugomvi nayo. Ila kila ninaposikia mkataba mpya umetiwa saini na watu wanapeana mikono mbele ya kamera, huwa siulizi bei. Huuliza ni nani atakayekuwa ameshika daftari mwaka wa 10.